Omu za spika na risiva: mwongozo kamili wa kuunganisha bila kuunguza

Jumamosi moja jioni, sebuleni kwangu Kasarani, wageni wameshafika na muziki umepamba moto, risiva, yaani amplifaya inayoendesha spika, ililia "tak" tumboni mwake na nyumba nzima ikanyamaza. Nikaizima, nikaiwasha. Ikapiga kama dakika kumi, ikakata tena. Mara ya tatu vilevile. Mara ya nne nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, na spika ya kushoto haikurudi tena usiku ule wala siku zilizofuata.

Kosa lilikuwa langu. Risiva yenyewe ilikuwa ya mtumba lakini nzima, na nyuma yake palikuwa pameandikwa wazi spika zinazofaa: omu 8 hadi 16. Sebuleni nilikuwa na spika mbili nzuri za omu 8. Chumbani nikaunganisha nyingine mbili nilizozitoa kwenye seti ya home theatre iliyokufa, vijumba vidogo vyeusi vilivyoandikwa omu 3 nyuma. Nikabonyeza A, kitufe cha spika za sebuleni, nikabonyeza B, cha za chumbani, zote zikalia, nikafurahi. Sikujua kwamba kwa kubonyeza vitufe viwili nilikuwa nimeibebesha risiva mzigo wa omu 2 na ushee, robo ya kile ilichotengenezewa.

Tangu hapo nimesimama mara nyingi kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli, Nairobi, nikisikiliza watu wakinunua spika, na swali ni lilelile: "Hii ni wati ngapi?" Muuzaji hujibu haraka, "Boss, hii ni mia tano, itatikisa plot yote," na mkataba umekwisha. Ni nadra kusikia mtu akiuliza omu. Na omu ndiyo inayoamua kama risiva yako itafika Krismasi.

Omu inapima nini

Omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyokinza umeme usipite. Jina limetokana na Georg Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827, na alama yake ni Ω, ile inayofanana na kiatu cha farasi. Kwa spika tunaita ukinzani huo impidansi, kwa sababu muziki ni umeme unaoyumba mbele na nyuma mara nyingi kwa sekunde, na spika haiukinzi kwa kiasi kimoja muda wote. Nitalirudia hilo.

Kila mpangaji wa Nairobi anaijua pampu ya maji ya plot. Chukulia risiva ndiyo pampu, na spika ndiyo mfereji. Spika ya omu 8 ni mfereji uliofunguliwa kidogo. Ya omu 4 umefunguliwa mara mbili yake. Ya omu 2 ni bomba lililopasuka. Risiva ni pampu yenye bidii: ukiongeza sauti, inajitahidi kushikilia presha uliyoitaka hata mfereji uwe mpana kiasi gani. Maji yakimwagika kupita uwezo wake, pampu huungua. Mfereji hauna neno.

Sasa tuweke tarakimu. Tuseme sauti uliyochagua inaifanya risiva itoe volti 20. Kwenye spika ya omu 8 utapita mkondo wa ampea 2.5, sawa na wati 50. Kwenye omu 4, ampea 5, wati 100. Kwenye omu 2, ampea 10, wati 200. Kitufe cha sauti kiko palepale, lakini transista za risiva zinabeba mkondo mara nne, na joto linapanda pamoja na mkondo huo. Ndiyo maana watu hudanganyika: spika ya omu ndogo hulia kwa nguvu zaidi, mtu akadhani amepata spika bora.

Kuna wanaosema omu za spika lazima ziwe sawasawa na za risiva. Si kweli kwa risiva za transista, ambazo ndizo karibu zote zilizo majumbani. Kilichoandikwa nyuma ya risiva ni sakafu: usishuke chini ya hapo. Kupanda ni ruhusa. Spika ya omu 16 kwenye risiva ya omu 8 haitadhuru chochote. Itapokea takriban nusu ya wati, ukasikia sauti imepungua kidogo tu. Amplifaya za valvu, zile zenye taa za kioo badala ya transista, ndizo zenye utaratibu wao, kwa kuwa zina transfoma yenye matundu tofauti ya omu 4, 8 na 16, na huko kila spika huenda kwenye tundu lake.

Hatua ya kwanza: soma nyuma ya risiva

Geuza risiva, chukua tochi ya simu, tafuta maandishi karibu na vishikio vya waya za spika. Kwa kawaida utakuta tarakimu za namna hii: A au B: 4–16 Ω; A+B: 8–16 Ω. Au 8–16 kwa A peke yake na 16 kwa A+B. Au kwenye risiva za chaneli tano au saba, 6–16 kwa kila chaneli. Namba ndogo ndiyo sakafu yako. Iandike kwenye karatasi.

Usiishie mstari wa kwanza. Ule wa A+B ndio ulionipita mimi. Kwenye risiva nyingi, ukibonyeza A na B pamoja, spika za sebuleni na za chumbani huunganishwa sambamba ndani (nitaeleza kwenye hatua ya nne), na omu zinashuka. Chache, hasa za zamani, huziunganisha kwa mfululizo, na omu zinapanda. Ukitaka kujua yako ni ipi na maandishi yamefutika, unganisha spika za A tu, acha B bila kitu, weka sauti chini, kisha bonyeza zote mbili. A zikiendelea kulia, ni sambamba. Zikinyamaza, ni mfululizo, kwa sababu njia ya umeme imekatika pale B pasipo na spika.

Ukiwa bado huko nyuma, soma na volti za stima. Stima yetu ni volti 240. Risiva nyingi za mtumba zimetoka Japani, zenye volti 100, au Marekani, zenye 120. Ukichomeka moja kwa moja ukutani, omu hazitakuwa tatizo lako tena. Inahitaji transfoma ya kushusha volti yenye wati za kutosha, na mimi binafsi huiacha dukani nikatafuta ya volti 220–240.

Risiva nyingine zina swichi ndogo nyuma, au mpangilio kwenye menyu, wa kuchagua omu: 8 au 4, 8 au 6. Usidhani inaongeza uwezo. Kwa kawaida inapunguza volti ndani ya risiva ili mkondo usizidi hata spika ikiwa na omu ndogo. Wati zinapungua na joto linapungua. Kama spika zako ni za omu 4 na kitabu cha risiva kinasema weka kwenye 4, weka. Utapoteza nguvu kidogo za kilele, jambo ambalo kwenye sebule ya futi kumi na mbili kwa kumi na nne hutalihisi.

Hatua ya pili: jua omu za spika zako

Angalia kibandiko nyuma ya kabati la spika, au, kikiwa kimebanduka, fungua skrubu za wufa, ile spika kubwa ya besi, na usome nyuma ya sumaku. Ila kumbuka namba ya kwenye sumaku ni ya wufa pekee. Spika nzima yenye wufa mbili inaweza kuwa na namba nyingine kabisa.

Hakuna maandishi popote? Tumia multimita. Zile ndogo za manjano zinazouzwa na mafundi wa stima zinatosha. Ondoa waya zote mbili kwenye spika kwanza, kwa sababu ukipima ikiwa bado imeunganishwa utasoma risiva pamoja na spika. Weka multimita kwenye 200 Ω. Gusanisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe: itaonyesha 0.3 au 0.5 hivi, ambao ni ukinzani wa waya zake. Toa kiasi hicho kwenye kila kipimo. Sasa gusa vishikio viwili vya spika, ubonyeze vizuri hadi namba itulie.

Hapo utashangaa, maana spika ya omu 8 haitasoma 8. Itasoma takriban 5.5 hadi 7. Ya omu 6 itasoma kama 4.5 hadi 5. Ya omu 4 itasoma 3 hadi 3.8. Ya omu 3 itasoma 2 na nukta kadhaa. Multimita inapima ukinzani wa waya wa koili tu, umeme ukiwa umetulia. Impidansi ya spika inapoimba huwa juu ya hapo. Nimeona mtu akirudisha spika dukani akidai ameuziwa omu 6 badala ya 8, kumbe spika ilikuwa sawa.

Namba iliyobandikwa nayo ni ya makadirio. Spika ya omu 8 inaweza kupanda hadi 20, 30 au zaidi kwenye besi, pale wufa inapotetemeka kwa urahisi wake wa asili, ikashuka karibu na 6 au 7 kwenye sauti za katikati, ikapanda tena. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60268 kinataka impidansi isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyoandikwa: kwa spika ya 8 ni 6.4, kwa ya 6 ni 4.8, kwa ya 4 ni 3.2. Watengenezaji wengine hawakifuati, na zipo spika zilizoandikwa 8 zinazoshuka hadi karibu na 4 mahali fulani. Multimita pia haiwezi kukwambia habari za twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, kwa kuwa kapasita ya krosova, sakiti inayogawa sauti kati ya wufa na twita, inazuia umeme uliotulia usifike huko.

Ukitaka kujua kwa undani, na mimi ninapendekeza sana kwa spika ya mtumba isiyo na jina, nunua rezista ya omu 10 yenye wati 10, ile nyeupe ya mstatili. Unganisha upande mmoja wa risiva: waya chanya hadi rezista, kutoka rezista hadi spika, kutoka spika kurudi hasi. Kwa mpangilio huo risiva haioni chini ya omu 10, kwa hiyo uko salama. Pakua kwenye simu programu ya kutoa mlio wa toni moja, anza na hezi 200 (mitetemo 200 kwa sekunde), sauti chini. Weka multimita, iwe inayoonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, kwenye volti za umeme unaoyumba, pima volti kwenye rezista, kisha kwenye spika. Gawanya volti za spika kwa za rezista, zidisha kwa 10. Ukipata 0.50 kwenye rezista na 0.37 kwenye spika, spika yako ni omu 7.4 kwenye toni hiyo. Rudia kwa hezi 60, 100, 150, 300 na 400. Multimita nyingi za bei nafuu husoma vizuri hadi hapo kwenye 400. Juu zaidi usiziamini. Namba ndogo kuliko zote ndiyo unayoitafuta. Kazi yote ni ya dakika ishirini, na ukimaliza utaijua spika yako kuliko aliyekuuzia.

Asili ya spika pia inasema mengi. Spika za seti za home theatre mara nyingi ni omu 3, 4 au 6, kwa kuwa zilitengenezewa amplifaya yao moja tu, na mtengenezaji alitaka wati nyingi kutoka kwenye volti ndogo. Ndizo zinazotapakaa mitaani, kwa sababu mashine ya DVD hufa mapema na spika hubaki. Spika za gari karibu zote ni omu 4. Wufa kubwa za kwenye nganya, zile matatu zilizopambwa, huwa na koili mbili: kila koili ikiwa ya omu 4, ukiziunganisha sambamba utapata 2, ukiziunganisha kwa mfululizo utapata 8. Ya pili inafaa nyumbani kabisa. Zile za koili mbili za omu 2 hutoa 4 au 1, na ya 1 usiithubutu na risiva yoyote ya sebuleni. Kuna pia spika za kanisani na shuleni, zenye transfoma ndani na swichi ya kuchagua wati. Hizo ni za laini ya volti 100, zina amplifaya zake, na kwenye risiva yako zitatoa kasauti kadogo kasikoridhisha.

Hatua ya tatu: amua

Namba ya spika ikilingana na sakafu ya risiva au kuizidi, unganisha na usiwe na wasiwasi. Ikiwa chini, inategemea ni chini kiasi gani.

Spika ya omu 6 kwenye risiva ya sakafu 8: mimi huikubali, mradi sauti isizidi ya mazungumzo yaliyochangamka na risiva iwe na nafasi ya kupumua. Spika ya omu 4 kwenye risiva ya 8: kwa taarifa ya habari na muziki wa taratibu inaweza kwenda miaka, lakini siku ya sherehe mtu atakuja kuongeza sauti wewe ukiwa jikoni. Nyumba yenye vijana au wageni wa mara kwa mara, sishauri. Spika ya omu 3 kwenye risiva ya 8: hapana, hata kwa sauti ya chini, kwa sababu za kwangu zilianza kwa sauti ya chini.

Utasikia pia ushauri wa kuongeza rezista. Fundi mmoja aliniambia, kwa nia njema kabisa, "Tutaweka tu rezista ya omu 4 hapa kwa waya, itakuwa 8, kwisha." Hesabu yake ni sahihi. Ila rezista hiyo itakunywa nusu ya nguvu zote na kuzigeuza joto, kwa hiyo ukitoa wati 40, 20 zinapasha moto nyuma ya kabati. Kibaya zaidi, risiva hupoteza ushikaji wake wa wufa. Risiva nzuri huikamata koni ikasimama mara tu ngoma inaposimama. Ukiweka rezista katikati, koni inaendelea kuyumba na besi inakuwa ya kuvimba, kama inatoka kwenye pipa. Uza spika hizo, ongeza kidogo, nunua za omu 8.

Hatua ya nne: spika zaidi ya jozi moja

Hapa ndipo risiva nyingi hufia, kwa hiyo chukua kalamu.

Kuunganisha sambamba ni pale waya chanya za spika zote zinapokutana pamoja na hasi zote pamoja. Omu zinashuka. Zidisha omu za spika mbili, gawanya kwa jumla yake. Omu 8 na 8: 64 gawanya kwa 16, ni 4. Omu 6 na 6 ni 3. Omu 4 na 4 ni 2. Omu 8 na 4: 32 gawanya kwa 12, ni 2.7. Na zile zangu, 8 na 3: 24 gawanya kwa 11, ni 2.2. Tazama kwamba jibu siku zote huwa dogo kuliko spika ndogo kuliko zote. Hakuna spika unayoweza kuongeza sambamba ukaipunguzia risiva kazi.

Kuunganisha kwa mfululizo ni pale umeme unapopita spika ya kwanza, ukatoka, ukaingia ya pili, ndipo ukarudi. Waya chanya ya risiva inaingia chanya ya spika ya kwanza. Hasi yake inaenda chanya ya spika ya pili. Hasi ya pili inarudi risiva. Omu zinajumlishwa: 4 na 4 ni 8, 8 na 8 ni 16. Ni njia salama ya kutumia spika mbili za omu 4 kwenye risiva ya 8, kwa sharti moja: ziwe pacha, modeli moja. Ukichanganya tofauti, kila moja itainyang'anya nyenzake volti kulingana na toni, na muziki utapoteza umbo.

Wenye spika nne za omu 8 kwa veranda au ukumbi mdogo wanaweza kuchanganya: mbili kwa mfululizo, mbili nyingine kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili sambamba. Jumla inarudi kuwa 8. Chora kwanza kwenye karatasi, ndipo ushike waya.

Onyo moja kwa wenye vibodi vidogo vya kisasa vya amplifaya, vile vya adapta kama ya laptopu. Vingi hutoa umeme kwenye nyaya zote mbili za spika, na ile hasi si hasi ya kweli. Usiunganishe hasi ya kushoto na ya kulia pamoja, na usiigusishe kwenye chuma cha kasha. Kwenye risiva za zamani mafundi walizoea kutumia waya mmoja wa hasi kwa spika zote mbili ili kuokoa waya. Kwenye vibodi hivi mazoea hayo huua bodi papo hapo.

Hatua ya tano: waya

Waya nayo ina omu zake, na inajumlishwa na za spika kwa mfululizo. Hilo halidhuru risiva, lakini linakula sauti na kulegeza besi. Hesabu kwenda na kurudi: spika iliyo mita 10 kutoka risiva ina mita 20 za shaba. Waya wa milimita mraba 0.5, ule mwembamba mwekundu na mweusi unaopewa bure na spika, utakuwa na omu 0.7. Wa 1.5 utakuwa na 0.23. Wa 2.5, 0.14. Mimi hufuata kanuni ya asilimia 5: kwa spika ya omu 8 waya isizidi 0.4, kwa ya omu 4 isizidi 0.2. Kwa hiyo mita 10 kwa spika ya 8, waya wa 1.5 unatosha, kwa ya 4, chukua 2.5.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu kukwangua ncha kwa wembe. Nyuzi zikibaki nyekundu hadi ndani, ni shaba. Zikiwa nyeupe chini ya rangi, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, yenye ukinzani karibu mara moja na nusu. Si haramu kuinunua. Nunua tu nene zaidi na kwa bei yake.

Ukichuna waya, chuna sentimita moja tu, kisha zungusha nyuzi kwa dole gumba na kidole cha shahada hadi ziwe kamba moja ngumu. Ingiza, kaza, halafu inama uangalie kwa tochi. Unatafuta uzi mmoja uliochomoza ukagusa kishikio cha jirani. Uzi huo ni mwembamba kama unywele, na kwa risiva ni spika ya omu sifuri.

Hatua ya sita: washa mara ya kwanza

Shusha sauti hadi mwisho, ndipo uwashe. Subiri relei, ile swichi ya ndani inayounganisha spika, ilie "tak", sekunde tatu au tano. Pandisha polepole kwa wimbo unaoujua. Besi ikiwa imekonda na mwimbaji haeleweki amesimama wapi, huenda umegeuza waya za spika moja. Badilisha chanya na hasi upande mmoja tu.

Baada ya nusu saa weka kiganja juu ya risiva. Uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuacha mkono kwa sekunde tano, zima na upige hesabu upya. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi juu yake, toa kitambaa cha mapambo, na dekoda usiibebeshe mgongoni mwake. Najua kitambaa kimefumwa vizuri na kimekaa pale miaka. Kiweke juu ya spika.

Risiva ikikata

Ikilia "tak" ikanyamaza, au skrini ikaandika PROTECT, usiilazimishe kama nilivyofanya. Inakwambia mkondo umezidi au joto limezidi. Chomoa stima. Toa waya zote za spika. Subiri ipoe, iwashe bila spika yoyote. Ikikata hata hivyo, hitilafu iko ndani na ni kazi ya fundi. Isipokata, izime, rudisha spika moja, iwashe, jaribu, kisha ya pili, hivyo hivyo. Itakayoifanya ikate ndiyo yenye shoti, au waya wake umejeruhiwa na mguu wa kochi, au omu zake ni ndogo mno. Ikiwa hukata tu sauti ikiwa juu na muda umepita, tatizo karibu daima ni omu au hewa.

Na zile wati? Zina nafasi yake, ila ndogo kuliko unavyoambiwa. Boksi likiandikwa PMPO, puuza namba hiyo. Haina kipimo kinachofuatwa na wote. Tafuta RMS, yaani wati za muda wote. Kisha angalia desibeli za spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja: spika ya 90 hutoa kwa wati 25 sauti ileile ambayo spika ya 87 hutoa kwa wati 50. Ila kuwa mwangalifu na spika za omu 4 zinazojisifu kwa desibeli, maana wengi hupima kwa volti 2.83, ambazo kwenye omu 8 ni wati 1 lakini kwenye omu 4 ni wati 2. Toa 3 ndipo ulinganishe.

Risiva yangu ilipona. Fundi alibadilisha transista za upande wa kushoto, na gharama yake ingeninunulia jozi ya spika za chumbani. Nilizinunua hatimaye, za omu 8, na zile za omu 3 nikampa kijana anayetengeneza redio za gari, ambaye ana amplifaya inayoziweza. Nyuma ya kila spika nimebandika selotepu yenye omu zake kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu nikihama nyumba sitakumbuka. Na juu ya vitufe vya risiva nimebandika nyingine, kwa ajili ya wageni: A sebuleni, B chumbani, zote mbili pamoja usibonyeze.